Ukurasa wa Kumi na Moja

Nilikuwa na riali elfu nne na mia mbili,
za miaka tisa ya kupima damu za watu
katika maabara ya zahanati, Ruwi:
zamu ya usiku, zamu ya Idi,
zamu ya Muzna aliyejifungua,
zamu ya Shadya aliyekwenda kuposwa.
Haba na haba, wamesema, hujaza kibaba.
Changu kilifika kiunoni kikagoma.

Nyumba yenyewe iko Mabela ya Kusini,
vyumba vitatu, tangi juu ya paa,
ukuta wa jirani umeuegemea wangu
kama mtu aliyesinzia msibani.
Elfu arobaini na mbili. Mimi nina fungu moja katika kumi.

Kijana wa benki, Muhannad,
kanzu imepigwa pasi mpaka inakata,
ananigeuzia karatasi:
saini hapa, na hapa, na hapa.
Ukurasa wa kumi na moja nikaweka kidole.
Riali kumi na nne na baisa mia sita, kila mwezi.

"Hii nini?"
"Bima. Kwa kuwa malipo yako ya mwanzo ni madogo."
"Nikifa itanilipia?"
"Ya kufa iko ukurasa wa tisa."
"Wadi likifurika likaingia ndani?"
"Kumi na tatu."
"Basi hii inanilinda na nini?"

Akaitazama kalamu yake.
Kiarabu chake kilikuwa cha upole, cha mtoto wa watu:
"Haikulindi wewe. Inailinda benki
dhidi yako."

Dhidi yangu.
Mimi ambaye sijapata kurudisha bakuli la mtu tupu,
hata la yule jirani wa ghorofa ya tatu
aliyeniletea halua iliyokauka.

Nikamweleza mama jikoni. Alikuwa anachambua mchele.
"Kwa hiyo unamnunulia mwenzio mwavuli,
na wewe ndiye uliye mvuani?"
"Ndiyo, mama."
"Na Maskati yenyewe mvua mara mbili kwa mwaka!"
Akacheka mpaka akakohoa,
nikampa maji.
Kisha, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo:
"Ile ya Wete haikuwa na benki wala bima.
Ilikuwa na hati, kwenye mkoba wa babako.
Mkoba ninao."

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Kodi ya Ruwi, mia na themanini,
mara miezi kumi na miwili, mara miaka tisa.
Sikuimaliza. Nilijua inakokwenda.
Mwenye nyumba yule, hata msumari wa saa
nilimwomba ruhusa, akasema atafikiri,
akafikiri miaka minne.
Kibaba kijae kwanza? Kitajaa lini,
na mbuyu wa bei unanenepa kila Ramadhani?
Hiyo kumi na nne na baisa zake
ni bei ya kutoaminiwa, nakubali.
Lakini ni bei. Ina tarakimu. Mtu anaweza kuilipa.

Nikatia saini.

"Deni likishuka hadi elfu thelathini na tatu na mia sita,"
akasema Muhannad, "bima unaweza kuiomba iondoke."
"Itaondoka yenyewe?"
"Uombe. Kwa barua."
"Benki haitanikumbusha?"
Akatabasamu, masikini, akatazama tena kalamu.

Miaka mitano na ushei.
Barua nimeshaiandika: jina, namba ya mkopo,
salamu zote zinazostahili.
Tarehe tu sijaitia.
Mama akaniachia nafasi mkobani,
juu ya hati ya Wete iliyogeuka rangi ya chai,
ile inayodai bado
na haina wa kumdai.

Jana nimepiga msumari wa saa sebuleni.
Umepinda.
Sikumwomba mtu.